Mituweli na mhami asiye na shamba

Wasikilizaji wetu, wiki hii wahami hapa Bunia wananiuliza swali moja: kama serikali imesema afya kwa wote, mbona tunaombwa pesa?

Mpango wa kujifungua bure ulizinduliwa Kinshasa mwezi wa 9, 2023, na unaenda jimbo kwa jimbo. Si kila kituo kimo. Chanjo za kawaida za watoto ni bure, hata kama mahali pengine wanauzisha kadi.

Mimi ninasumbuka zaidi na mituweli. Sheria yake ipo tangu 2017, na ni jambo jema: jamaa inalipa mchango wa mwaka, ugonjwa ukija inaongeza sehemu tu ya bei. Lakini mchango unaombwa mara moja, watu wakiisha kuuza mavuno. Mama mmoja kutoka Djugu anaishi kwa shemeji yangu na watoto wanne. Mavuno yake yalibaki kule kwenye risasi. Daftari limeandika jamaa ya shemeji, yeye hamo. Alipojifungua, alizuiwa siku sita, mtoto mkononi, mpaka tukauza sufuria zake mbili na majirani wakaongeza.

Wakubwa wa jimbo, mhami aandikwe pamoja na jamaa iliyompokea, tena alipe kidogo kidogo kila mwezi. Hata franga za kuuza makala zingetosha.

Nanyi mama wenye mimba, ulizeni bei kituoni sasa, kabla ya uchungu. Na ombeni risiti.