Kubwa na Ndogo, Njiani Kwenda Ololosokwan

Ndugu msomaji, umepata kufika Ololosokwan? Kama bado, chukua ramani ya Tanzania, utafute Ziwa Natron, kisha uende na kidole upande wa magharibi mpaka mahali ambapo Hifadhi ya Taifa ya Serengeti inakaribiana na mpaka wa Kenya. Hapo ndipo. Ni kijiji cha Wamasai katika tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro. Nchi ya juu, yenye majani mengi wakati wa mvua na baridi kali alfajiri. Twende pamoja leo, nami njiani nitakueleza shauri lililokuwa likinisumbua.

Mimi nakaa Karatu, na wakati ule nilikuwa na pikipiki mbili. Usidhani mimi ni tajiri. Ya kwanza ilikuwa kubwa, ya Kijerumani, ya CC 1150, iliyotengenezwa kwa safari ndefu. Niliinunua kwa mgeni aliyechoka na safari yake akataka kurudi kwao kwa ndege. Uzito wake, tangi likijaa, ni karibu kilo 250. Ya pili ilikuwa ndogo, ya Kihindi, ya CC 150, kama kilo 120 tu, sawa na zile za vijana wa bodaboda unaowajua.

Basi mwanangu akapata nafasi ya chuo, na ada ikatakiwa. Mke wangu akaniambia, "Baba, mtu mmoja hapandi punda wawili. Uza mmoja." Nikakubali. Moyoni nilikwisha kata shauri kuuza ndogo. Sababu yangu ilikuwa nini? Nitakuambia kweli: ni fahari. Nilipopita na kubwa, watoto walitoka mbio kutazama. Nilipopita na ndogo, hata kuku hawakuondoka njiani.

Kabla sijauza, rafiki yangu wa siku nyingi wa Ololosokwan alinialika katika sherehe ya mtoto wake. Nikamchukua mpwa wangu. Mimi nikapanda kubwa, yeye akapanda ndogo na kufunga nyuma mchele, sukari na majani ya chai.

Njia iliyo fupi kwa gari hupita lango la Ngorongoro, ikakata Serengeti, ikatokea karibu kabisa na Ololosokwan. Lakini pikipiki haziruhusiwi ndani ya Hifadhi ya Taifa, na ni haki, maana simba hapigiwi honi. Ikatubidi kuzunguka: kuteremka Mto wa Mbu, kushika kaskazini kwa Engaruka na Ngare Sero, kisha kupanda ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Usonjo, Wasso na Loliondo.

Kutoka Karatu mpaka Mto wa Mbu ni lami tupu. Hapo kubwa ilikuwa kama bwana arusi. Upepo haukuisukuma, mabasi hayakuitikisa, na breki zake zilishika vizuri kwenye mteremko wa Manyara. Mpwa wangu alinikuta sokoni nimekwisha kunywa chai na kumaliza chapati mbili. Nikamwambia, "Unaona?" Akajibu, "Naona, Mjomba," akanyamaza.

Baada ya Mto wa Mbu lami ikaisha. Tulipita Engaruka, mahali pa magofu ya mawe na mifereji ya wakulima wa kale, tukaingia tambarare iliyo chini ya Ol Doinyo Lengai, yaani Mlima wa Mungu. Mlima huu huwaka mpaka leo. Mwaka 2007 na 2008 ulitapika majivu mengi. Vumbi la huko ni laini kama unga wa sembe. Gurudumu la mbele likazama, nami nikalala chini. Nikainuka, baada ya kitambo kidogo nikalala tena. Mara ya tatu mkono wa klachi ukavunjika. Kila mara ilitupasa kufungua mizigo na kuinua watu wawili, jasho likitutoka, na jua la Natron halina huruma. Ndogo je? Ilipita pembeni kama mbuzi. Ilipozama, mpwa wangu alishuka akaisukuma kwa miguu yake.

Tukalala Ngare Sero. Kesho yake tukapanda mawe ya ukutani polepole, tukapita mashamba ya Wasonjo, ambao nao hulima kwa mifereji. Kati ya Sale na Wasso tukakuta lami, na fahari yangu ikarudi kidogo. Lakini pale Wasso fundi alipoutazama mkono wa klachi alitikisa kichwa. "Mzee, cha hii sina, pengine hata Arusha utaagiza. Ingekuwa ile ndogo, ningekupa sasa hivi." Akakifunga kwa kipande cha chuma na mpira wa tyubu. Tukafika Ololosokwan jioni, ng'ombe wakirudi bomani na akina mama wakiswaga punda waliobeba maji.

Mama wa mwenyeji wangu ni mzee sana. Asubuhi nilimwamkia, "Takwenya," akaitika, "Iko." Akasema jambo, na mwanawe akanifasiria. Dada yake alikuwa mgonjwa katika boma lililo ng'ambo ya bonde. Miezi mingi hawajaonana, maana goti lake haliwezi tena mwendo mrefu, wala gari halifiki huko. Nikasema kwa furaha, "Nitampeleka na kubwa!"

Bibi akaizunguka ile pikipiki taratibu. Akagusa kiti, nacho kilimfika karibu na kifua. Kisha akasema, "Huyu ni tembo. Ni mzuri kumtazama. Mimi nipe punda." Watu wote wakacheka, na mpwa wangu akacheka kupita wote.

Basi mimi mwenyewe nikapanda ndogo. Bibi akavikwa kofia ngumu juu ya shanga zake, akanishika kiunoni. Mwenyeji wangu alinielekeza vizuri pa kupita na pa kutopita, kwa sababu mwaka 2022 serikali iliweka mipaka ya Pololeti, kama kilomita za mraba 1,500, na malisho mengi ya zamani ya vijiji hivi yakabaki ndani yake. Jambo hilo bado ni uchungu huko, na mgeni asiende ovyo. Tukafuata njia za ng'ombe, tukashuka korongo, tukapita kati ya miiba mahali ambapo kubwa isingeweza hata kugeuka. Nilikwenda mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Bibi hakusema neno.

Tulipofika aliingia ndani. Nilipochungulia mlangoni niliwaona wale wazee wawili wameketi, wameshikana mikono. Mmoja bado amevaa kofia ya pikipiki, amesahau kuivua. Nikarudi nje, nikakaa chini karibu na ile ndogo, nikaona aibu kwa shauri nililokuwa nimelikata.

Tuliporudi Karatu niliuza kubwa. Ada ya mwaka wa kwanza ikalipwa, na kikabaki kiasi. Sitaki kuisingizia ile mashine. Kama kazi yako ni safari ndefu za lami, nayo mfuko wako unaweza petroli na vipuli vyake, ni chombo kizuri, tena kwenye lami kilinituliza kuliko hiki nilicho nacho. Hata leo nikisikia mngurumo wa namna ile ukipita kwenda lango la Ngorongoro, moyo wangu huruka.

Lakini wewe, ndugu msomaji, siku utakapolazimika kuchagua kati ya viwili, iwe ni pikipiki, ni ng'ombe, au ni shamba, usiulize ni kipi watu wanakitazama. Uliza ni kipi kinachotumwa kila siku. Hicho kibaki nyumbani.