Msumari wa baba kwenye gari la mtoto

Watoto wa Musoma, Bunda na Butiama huchonga magari ya mbao, wakayawekea magurudumu ya ndala zilizochakaa, kisha wakayashindanisha mteremkoni. Ugomvi hauchelewi: "Lako limetiwa misumari!"

Wana sababu ya kulalamika. Gari zito kwa kawaida huwahi kufika chini, kwa kuwa ukinzani wa hewa haulipunguzii mwendo kirahisi. Mmarekani Don Murphy alianzisha mbio za namna hii mwaka 1953 huko California, kwa sababu mwanawe alikuwa bado mdogo kwa mbio za magari ya kupanda. Alitaka baba na mtoto wachonge pamoja. Siku hizi uzito wa magari hayo una kikomo, kwa kawaida gramu 142 hivi, na kila gari hupimwa kabla ya mbio.

Mtaani, mizani ya dukani inatosha. Muhimu ni watoto wakubaliane uzito mapema, na magari yote yapimwe, hata la mtoto wa mwenye uwanja. Kanuni inayotungwa baada ya mshindi kupatikana ni uonevu.

Shida kubwa ni mzazi anayeficha msumari usiku ili mwanawe ashinde. Mtoto anauona. Atashangiliwa, lakini atajifunza kwamba nyumbani kwao wizi unaruhusiwa.

Gari lake likizidi uzito, lipunguzwe mbele ya wenzake au likae pembeni. Akilia, baba amfute machozi, na jioni wakae kibarazani walichonge upya.