Maji Yasiyopwa

Pale Mto St. Lawrence unapotoka Ziwa Ontario, kati ya Kanada na Marekani, pana visiwa 1,864. Ili kihesabiwe, kisiwa sharti kikae juu ya maji mwaka mzima na kiwe na mti ulio hai. Niliposikia hivyo mara ya kwanza nilicheka. Kwetu kwenye delta ya Rufiji mti hauthibitishi kitu. Mkoko huota majini, na mahali ulipopita kwa miguu asubuhi, jioni unapapita kwa mtumbwi.

Jumamosi moja ya Julai mfanyakazi mwenzangu alinipakia kwenye boti yake, tukatoka Gananoque kuzunguka visiwa. Chini ya maji yale mazuri kuna mwamba wa matale. Tuliugonga. Mashine ikawa inanguruma, boti haiendi. Mimi tayari nakunja suruali. Mwenzangu akapigia kampuni ya kuvuta boti, ambayo huilipa ada kila mwaka, kisha akafungua sanduku la vinywaji.

Tulipofikishwa kwa fundi, winchi iliinyanyua boti kwa mikanda. Ndani ya pangaboi kuna mpira uliowekwa makusudi uachie likigonga kitu, ili gia zipone. Ulikuwa umeachia. Kule kwetu, mashine ya baba yangu mdogo ilikuwa na pini kwa kazi hiyohiyo, na ikikatika alikuwa akipachika msumari laini. Msumari mgumu hakuutaka tena, maana ulishawahi kumlipisha gia nzima.

Nikamuuliza fundi kwa nini tusingeiegesha tu ufukweni tukangoja maji yapwe. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya mwezini.

Hayapwi. Bahari iko mbali mno, na usawa wa mto unaongozwa na bwawa la Moses-Saunders huko chini karibu na Cornwall. Kuinyanyua boti kulimgharimu mwenzangu zaidi kuliko huo mpira wenyewe. Kwetu, wakati wa bamvua maji hushuka zaidi ya mita 3, na chombo kinabaki kimelala ubavu juu ya tope, tumbo wazi. Saa hizo ndizo karakana. Baba mdogo alikuwa akichokonoa pamba iliyooza kati ya mbao, anatia kalafati mpya iliyolowa mafuta, anapaka deheni, huku akitupia jicho mkondo. Maji yakigusa mkuku, kazi imekwisha, iwe imekwisha au haijesha.

Si kila kitu hutengenezeka topeni. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliingia humo humo mikokoni mwetu, mashine imeharibika, na vipuri vikakokotwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa na kurudishwa. Ilipona, lakini milango ya delta ilikuwa imeshazibwa na Waingereza. Julai 1915, baada ya kupigwa makombora, mabaharia wake waliizamisha wenyewe.

Wala sitaki kulisifia tope. Usiku mmoja tulikwama tukiwa na mama mjamzito aliyekuwa akiwahishwa zahanati. Hapakuwa na redio, wala jaketi la kuokolea hata moja. Tulipeana zamu ya kumpepea mbu mpaka maji yalipojaa, karibu na alfajiri. Alijifungua salama, lakini usiku ule ningeilipa ada ya kuvutwa boti kwa mwaka mzima na nisingeuliza bei.

Nilimpigia baba mdogo nikamsimulia mto usiopwa.

“Sasa mwanangu, chini ya chombo wanapaona lini?”

“Oktoba, baba. Wanavitoa vyote nje, mto usije ukaganda navyo.”

Akanyamaza kidogo.

“Mara moja kwa mwaka?”