MBWENI: MAHALI NILIPOKIRUDIA KITOWEO

Na Mwandishi Wetu

UKIPANDA daladala kutoka Mji Mkongwe wa Unguja kuelekea Uwanja wa Ndege, ukapita Mnazi Mmoja, Kilimani na Mazizini, utaikuta njia ya kuingilia Mbweni mkono wa kulia, upande wa baharini. Ni mwendo wa kilomita chache tu, lakini, ndugu msomaji, utadhani umetoka mjini ukaingia bustanini. Miembe, minazi na mishelisheli imeyafunika mapaa ya nyumba, na maji yanapokupwa harufu ya mikoko hukufikia hata barazani.

Mbweni nimekwenda mara nyingi kumwamkia mama yangu mkubwa. Safari ninayotaka kukusimulia ni ile niliyokwenda na nadhiri, nikarudi sina nadhiri. Kwa muda wa miaka minne sikuwa nimeonja nyama, samaki, yai wala maziwa. Nilikula mimea mitupu. Siku hiyo nikaacha. Na tangu hapo nimejiuliza ni kwa nini watu wengi waanzao njia hiyo huishia kuiacha.

Sikuianza kwa mzaha. Baba yangu alipatwa na maradhi ya moyo, akashauriwa apunguze nyama na mafuta. Mwaka huohuo nilitumwa kuandika habari za machinjioni, nikarudi nyumbani sina hamu ya kitoweo. Nikajiambia: dunia ina kunde, mbaazi, choroko, mchicha na nazi, kwa nini kiumbe kife kwa ajili yangu?

BUSTANI YA ZAMANI

Na kama kuna mahali pa kuishi kwa mimea, basi Mbweni ni mojawapo. Sir John Kirk, balozi wa Uingereza hapa Unguja katika karne ya 19, aliyekuwa pia daktari na bingwa wa elimu ya mimea, alikuwa na nyumba hapa, akapanda miti ya kutoka nchi za mbali. Kabla ya hapo, mwaka 1871, Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati ilinunua shamba hapa ili liwe makazi ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Shule yao ya wasichana, St. Mary's, leo ni magofu. Kanisa la Mtakatifu Yohana lingali limesimama.

Nilipokuwa nikipita karibu na magofu hayo niliwawaza watu wale. Walitoka makabila mbalimbali ya bara, wengi wao wametenganishwa na baba, mama na ndugu. Hapa iliwabidi waanze udugu upya. Na udugu, msomaji, hauanzishwi kwa maneno matupu. Huanzia jikoni, penye chungu kimoja. Wazo hilo sikulitia maanani wakati ule. Saa moja baadaye lilinirudia.

BAKULI LA PEKE YANGU

Mama mkubwa alinipokea kwa furaha yake ya siku zote. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Umekonda!" Kisha akanitazama mikono. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikihisi ganzi na mchomo vidoleni. Nilichoka upesi, na nilisahau hata majina ya watu ninaofanya nao kazi. Nilikuwa nimekwisha kupimwa damu, nikaambiwa nimepungukiwa na vitamini B12. Hayo sikuwa nimemweleza.

Wakati wa chakula ulipofika, mkeka ulitandikwa, likaletwa sinia la wali wa nazi na mchuzi wa changu. Watoto, mashemeji na jirani mmoja wakalizunguka. Kando, juu ya kigoda, likawekwa bakuli langu: wali kidogo, mchicha na maharage. Mama mkubwa alikuwa amenipikia katika sufuria ya peke yake, kama alivyofanya kwa miaka minne, asije akanichanganyia kitoweo. Hakulalamika hata mara moja. Alisema neno moja tu, tena kwa sauti ya chini: "Sinia hili nafasi yako bado ipo, mwanangu."

Naliona lile bakuli pale kigodani, na mkono wangu wenye ganzi ukiwa juu yake. Nikainuka, nikanawa, nikaketi mkekani. Hakuna aliyecheka wala kushangilia. Mtoto mmoja alisogea kunipisha. Mama mkubwa akamega mnofu wa samaki, akauweka upande wangu.

MWILI NA SINIA

Usidhani kwamba yaliyonipata mimi ni ya ajabu. Mwaka 2014 shirika moja la Marekani linalotetea wanyama lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watu wazima zaidi ya 11,000. Miongoni mwa waliowahi kuacha nyama, wakiwamo walioacha hata maziwa na mayai, 84 katika kila 100 walikuwa wameirudia, na zaidi ya nusu ya hao hawakumaliza mwaka mmoja. Wengi wao walisema hawakupenda kuonekana tofauti na wenzao.

Ziko basi sababu mbili kubwa, na ya kwanza ni mwili. Vitamini B12 hutengenezwa na vijidudu. Mimea ya kawaida tunayokula haina ya kutosha. Mwili huiweka akiba katika ini, na akiba hiyo huweza kudumu miaka kadhaa. Ndiyo maana mtu huona yu mzima, akajisifu, kumbe ghala linakwisha. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, lakini akiikosa kabisa, damu na neva huharibika. Dawa yake si lazima iwe samaki: vidonge vipo, na viko vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo. Mimi sikujua, na kutojua hakumwondolei mtu maradhi.

Sababu ya pili ni sinia. Watazame Wakristo wa Orthodoksi wa Ethiopia: katika Kwaresima yao ya siku 55 huacha nyama, maziwa na mayai, wala hawaoni upweke, kwa kuwa jirani naye amefunga na siku ya kufungua inajulikana. Watazame pia Wahindu wasiokula nyama hapo Mji Mkongwe: wana maziwa yao, na nyumba nzima hula chakula kimoja. Aliyeshika nadhiri peke yake katika nyumba ya watu kumi ana mzigo mwingine kabisa.

MGENI WA MWAKA 1893

Mwaka 1893 kijana mmoja wa Kihindi, akiwa safarini kwenda Afrika Kusini, alikaa Unguja takribani wiki moja akingoja meli, akastaajabia ukubwa wa miti na matunda yetu. Alikuwa Mohandas Gandhi. Nyama alikuwa haili. Mwaka 1912 akaacha na maziwa pia. Baadaye, mwaka 1918, aliugua sana akakaribia kufa. Daktari alimsihi anywe maziwa, akakataa kwa ajili ya nadhiri yake. Mkewe Kasturba akamwambia kwamba basi hawezi kuyakataa maziwa ya mbuzi, naye nadhiri ile alikuwa ameiweka akiwaza ng'ombe na nyati. Akanywa maziwa ya mbuzi, akapona. Lakini katika kitabu cha maisha yake aliungama kwamba jambo hilo liliendelea kumchoma moyoni.

Nami linanichoma kidogo. Sijasahau yale niliyoyaona machinjioni, na nyama hata sasa sili ila mara chache. Lakini nimejifunza kutomdharau mtu aliyeiacha njia ile, kwa maana hujui vidole vyake vilikuwa vikimwambia nini, wala alikuwa akila na nani.

Kama wewe, msomaji, umekusudia kula mimea mitupu, sikukatazi. Nenda kwanza kwa daktari, tafuta hiyo B12, na wafundishe wa nyumbani kupika chakula ambacho nanyi nyote mtakila. Na kama unaye mtoto au mpwa aliyeshika nadhiri hiyo, usimcheke. Mwekee nafasi kwenye sinia.

Jioni ile maji yalikuwa yamekupwa, na wanawake walikuwa wakirudi pwani na vikapu vichwani. Mama mkubwa alinisindikiza hadi njia ya daladala. Hakutaja samaki. Aliniuliza tu nitarudi lini.