Mnara na Maradhi

Kampuni moja ya simu imeomba kiwanja kijijini kwetu ipate kusimamisha mnara, na tangu siku hiyo maneno hayaishi. Wengine husema ni mnara wa 5G, yaani mtandao wa kizazi cha tano, nao utatuletea saratani na kuharibu mimba. Mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniuliza, "Mwalimu, wewe umesoma, tuukubali au tuukatae?"

Nalimjibu kwamba mawimbi ya simu, hata yale ya 5G, ni jamaa moja na mawimbi ya redio. Hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili kama mionzi ya eksirei. Yakizidi sana hutia joto, ndiyo maana yakawekewa mipaka. Ni kweli kwamba mwaka 2011 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliyatia katika kundi 2B, la vitu ambavyo huenda vikaleta saratani. Walakini katika kundi hilo yamo pia maji ya jani zima la mshubiri, ambayo wengi wetu huyanywa kuwa dawa! Na moshi wa kuni jikoni umo katika kundi 2A, lililo zito zaidi. Mama zetu huuvuta asubuhi na jioni, wala sijasikia mkutano wa kijiji ulioitishwa kwa ajili ya moshi. Tena simu iliyo sikioni hutupatia mawimbi mengi kuliko mnara ulio mbali, na mtandao ukiwa hafifu simu hujikaza zaidi.

Hata korona walisema ni kazi ya 5G. Basi korona ilifika Tanzania Machi 2020, na 5G ikaanza kuuzwa kwetu 2022. Huko Uingereza, Aprili 2020, watu waliichoma minara kwa uvumi huo, mmoja ukiwa ule uliohudumia hospitali ya muda ya Birmingham, wakati ambapo wagonjwa walitenganishwa na ndugu zao.

Juu ya faida, husifiwa sana upasuaji wa mbali: Machi 2019 daktari aliyekuwa kisiwani Hainan, China, alimtia mgonjwa wa Beijing kifaa ubongoni kwa njia ya 5G, mwendo wa kilomita 3,000 hivi. Ni ajabu, lakini haja yetu ni ndogo kuliko hiyo. Tangu 2022 huduma ya m-mama imeenezwa nchini: mama mjamzito akipatwa na dharura, hupigwa 115 bila malipo, na gari la wagonjwa lisipopatikana huitwa dereva wa kawaida aliyeandikishwa. Simu ya tochi yatosha. Kwetu sisi, mume hana budi kupanda kilima gizani ndipo apate mtandao. Mwaka jana mmoja aliposhuka, mtoto alikwisha zaliwa, na mama alikuwa akivuja damu. Kwa rehema za Mungu alipona.

Mzee alinisikiliza hata mwisho. Kiwanja ni chake, naye hajatia sahihi bado.