Lenzi Kubwa katika Kamera Ndogo

Wako vijana wengi wa Lubumbashi watafutao riziki kwa kupiga picha, hasa huko Kasapa, penye chuo kikuu ambacho masomo yake yalianza mwaka 1956, mji ulipokuwa ukiitwa bado Elisabethville. Siku za kutoa shahada, jamaa hufika kutoka Kenya, Katuba na Kamalondo wamevaa nguo zao za Jumapili, nao wataka picha ya mtoto wao katika joho. Kazi hiyo ni ya heshima, tena imewalipia wengi karo.

Basi wazazi hutuuliza hivi: mjomba aliyeko Ulaya amemletea kijana lenzi pana isiyovuta, ya milimita 24, iliyotengenezwa kwa kamera kubwa, naye kijana ana kamera ndogo. Je, vitapatana? Vikiwa na mfungo mmoja vitapatana, lakini upana utapungua, na yafaa familia ijue kwa nini kabla ya kutoa fedha.

Ndani ya kamera mna kibamba kipokeacho nuru, kiitwacho kihisi. Katika kamera kubwa kina milimita 36 kwa 24, kipimo kilichoenezwa na kamera za Leica zilizoanza kuuzwa mwaka 1925. Katika nyingi za kamera ndogo kina milimita 23.5 kwa 15.6 hivi. Lenzi yatupa duara lile lile la nuru, ila kihisi kidogo huchukua katikati tu, na pembeni hupotea. Kwa hiyo milimita 24 huona kama 36 zionavyo katika kamera kubwa. Ukisimama mita 3 mbali na watu, kamera kubwa itashika upana wa mita 4.5; ndogo itashika mita 3 kasoro kidogo.

Mita moja na nusu si kitu uwanjani. Chumbani ni watu watatu.

Kijana mmoja tuliyemfundisha aliitwa katika nyumba moja siku ya ubatizo. Nkambo, mama mzaa baba, hakuweza tena kuinuka kitini, na jamaa wote walijua, pasipo kulisema, kwa nini picha hiyo haikuweza kungoja mwaka mwingine. Walikuwa kumi na wanne. Kijana alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango, na bado shangazi wawili na mtoto mmoja walikuwa nje ya picha. Akaufungua mlango, akatoka hatua moja uani.

“Mjukuu wangu, unatukimbia?” akauliza nkambo.

“Hapana, nkambo, natafuta mahali pa kuwaona ninyi wote.”

Hatua ile ilimpatia mita tatu na nusu. Watoto wakaketi chini, wanaume wakajipanga nyuma ya kiti, shangazi wakasogea. Wote kumi na wanne wamo, na nkambo anacheka.

Kwa kazi za namna hiyo, lenzi ya milimita 16 au 18 iliyotengenezwa kwa kamera ndogo ingefaa zaidi, na mara nyingi bei yake ni nafuu. Lakini tusiidharau ile ya mjomba. Kwa kuwa pembe zimekatwa, mtu wa mwisho wa safu havutwi uso akaonekana mnene kuliko alivyo, jambo linaloleta manung’uniko mengi (ya akina mama hasa, ingawa na waume hawakosi). Huko Kasapa, mpiga picha akisimama mita mbili na nusu, kamera ikiwa wima, mhitimu huingia mzima, toka kofia hadi viatu, na nafasi kidogo juu. Na kijana akipata siku moja kamera kubwa ya mfungo ule ule, upana wote utarudi pasipo kununua lenzi nyingine. Lenzi ya kamera ndogo haitampa hayo.

Mjomba asiyenunua bado aulize kwanza jina la kamera na mfungo wake, kisha aulize kijana anapiga picha zaidi uwanjani au vyumbani.