Je, Nafsi ya Mtu ni Kumbukumbu Yake?

Ndugu msomaji, kabla sijaingia katika maneno ya wanafalsafa wa Ulaya, nakuomba uniruhusu nikiri kosa langu.

Mama yangu mzazi, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliishi miaka yake ya mwisho akiwa amepotewa na kumbukumbu. Kwanza alisahau mahali alipoweka funguo. Kisha akasahau majina ya majirani, kisha ya wajukuu. Mwisho, Ijumaa moja baada ya sala, niliingia chumbani kwake, akanitazama usoni kwa adabu kama anavyotazamwa mtu wa mbali, akamwuliza dada yangu: "Huyu ni nani?" Nikajibu mwenyewe kwa kutaja jina langu. Akaitikia, "Karibu," wala jina lile halikumgusa.

Tangu siku ile nikaanza kupunguza safari zangu. Ijumaa ya kwanza nilikuwa na kazi, ya pili nilikuwa na mgeni, ya tatu sikuwa na udhuru wowote ila moyo haukunipeleka. Nikajiambia: hajui kama nimekwenda, wala hajui kama sikwenda, basi faida ya kwenda ni nini? Na lililo baya zaidi, nikajiambia kwamba mama yangu amekwisha ondoka, na kilichobaki pale kitandani ni kiwiliwili tu. Maneno hayo sikuyatamka mbele ya mtu, lakini niliyaamini. Tena nilikuwa na kitabu cha kuyatilia nguvu, maana nilipokuwa masomoni nilisoma falsafa ya Magharibi, na iliyoniingia sana ni hoja ya Mwingereza mmoja, John Locke.

Locke alizaliwa mwaka wa 1632 akafariki mwaka wa 1704. Alisomea udaktari, na kitabu chake kikubwa ni kile alichoandika juu ya akili ya binadamu. Katika chapa ya pili ya kitabu hicho, iliyotoka mwaka wa 1694, aliongeza sura nzima juu ya swali hili: ni kitu gani kinachomfanya mtu wa leo awe ndiye yule yule wa jana? Si mwili, kwa sababu mwili hubadilika. Mtoto mchanga na mzee wa miaka 80 hawafanani kimo, wala nguvu, wala sura. Locke akajibu kwamba linalomfanya mtu awe yeye ni fahamu yake. Kadiri fahamu hiyo inavyoweza kurudi nyuma na kulishika tendo alilolitenda, ndivyo nafsi yake inavyofika. Akatoa mfano: tuseme roho ya mwana wa mfalme imeingia katika mwili wa mshona viatu, nayo imebeba kumbukumbu zote za maisha ya kifalme. Majirani watamwona mshona viatu, lakini kwa Locke mtu huyo ndiye yule mwana wa mfalme, na atawajibika kwa matendo ya mwana wa mfalme tu.

Usidhani kwamba Locke alikuwa mtu asiye na dini. Alikuwa Mkristo, na alipokuwa akiandika haya alikuwa akiifikiria Siku ya Hukumu. Alijiuliza: itakuwaje haki mtu aadhibiwe kwa tendo ambalo hana habari nalo kabisa? Ndiyo maana alisema kuwa neno "mtu", kwa maana aliyoikusudia, ni neno la mahakama, neno la sifa na lawama, malipo na adhabu.

Baada yake alikuja Mskochi, David Hume, aliyekwenda mbali zaidi. Katika kitabu chake kilichoanza kutoka mwaka wa 1739, Hume alisema kwamba kila alipojitazama ndani ili aione nafsi yake, alichokuta ni joto au baridi, mapenzi au chuki, maumivu au raha. Mwenye hizo hisia hakumkuta. Akaamua kwamba nafsi ni tita la hisia zinazofuatana upesi upesi, na hakuna zaidi. Lakini tita la kuni lina kamba. Tita la Hume kamba yake iko wapi? Yeye mwenyewe liliamtatiza swali hilo. Mwaka wa 1740, katika nyongeza aliyoitia mwishoni mwa kitabu, alikiri kwamba alipoyapitia tena maneno yake juu ya nafsi alijiona amepotea njia, wala hakujua namna ya kuyasahihisha. Mwanachuoni akikiri hivyo anastahili heshima.

Basi mimi, ndugu msomaji, nilizichukua fikira za watu hawa nikazifanya udhuru. Kama mtu ni kumbukumbu zake, na mama yangu hana kumbukumbu, basi mama hayupo. Na kama mama hayupo, sina ninayemkosea.

Ijumaa ya nne dada yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa akimlea mama usiku na mchana, alikuja mwenyewe nyumbani kwangu. Hakuketi. Akasema: "Nasikia unasema mama hakujui. Nataka kukuuliza. Wewe ulipokuwa ukinyonya, ulikuwa ukimjua jina lake?" Akageuka akaenda zake.

Dada yangu hakusoma Locke. Lakini swali lake lilinikesha, na kadiri nilivyolifikiri ndivyo nilivyoona kwamba limeubomoa msingi wa hoja yangu yote. Hebu tazama. Mimi sikumbuki hata siku moja ya kunyonya kwangu. Sikumbuki usiku alioukesha nikiwa na homa, wala kufuliwa nepi, wala kufundishwa kutembea. Kwa kanuni ya Locke, fahamu yangu haifiki huko. Basi mtoto yule aliyenyonyeshwa hakuwa mimi, na mimi sina deni la maziwa yale. Ni nani mwenye akili timamu atakayekubali jambo hili? Kila mmoja wetu anajua kwamba aliyebebwa tumboni ni yeye, ingawa hakumbuki.

Nikarudi vitabuni kwa nia nyingine, nikakuta kwamba huko huko Ulaya kulikuwa na mtu aliyekwisha liona kosa hili. Naye ni Thomas Reid, Mskochi vile vile, katika kitabu chake cha mwaka wa 1785. Reid alisimulia habari za afisa wa jeshi. Utotoni alichapwa viboko kwa kuiba matunda shambani. Alipokuwa kijana, katika vita vyake vya kwanza, aliiteka bendera ya adui. Na uzeeni akafanywa jenerali. Siku ile alipoiteka bendera alikuwa bado anakumbuka viboko. Alipokuwa jenerali alikumbuka bendera, lakini viboko alikuwa amevisahau kabisa. Reid akauliza: jenerali ni yule kijana, na kijana ni yule mtoto, itakuwaje basi jenerali asiwe ni yule mtoto? Kwa kanuni ya Locke, jenerali ni yule mtoto na wakati huo huo siye. Hoja inayomfikisha mtu hapo ina kasoro. Kumbukumbu hutujulisha kwamba sisi ndio tuliotenda. Haitufanyi kuwa sisi. Cheti cha kuzaliwa hakimzai mtoto.

Na karne nyingi kabla ya hao wote, Ibn Sina, aliyefariki mwaka wa 1037, alitupa mfano ulio bora. Alisema: mfikirie mtu aliyeumbwa kwa mara moja, mkamilifu, akielea hewani, macho yamefunikwa, viungo vyake havigusani, hasikii wala hagusi chochote. Je, mtu huyo atajua kwamba yupo? Ibn Sina akajibu kuwa atajua. Watu wengi huutaja mfano huu wakiulinganisha na hoja ya Mfaransa René Descartes, aliyeandika mwaka wa 1641 kwamba mtu anaweza kukitilia shaka kila kitu isipokuwa kule kuwapo kwake yeye mwenye kutia shaka. Lakini mimi naona katika mfano wa Ibn Sina jambo jingine. Mtu yule ameumbwa sasa hivi, hana jana. Hana hata kumbukumbu moja, na juu ya hayo anajijua kuwa yupo. Basi nafsi hutangulia, na kumbukumbu huifuata.

Ijumaa ya tano nilikwenda. Mama alikuwa ameketi kitandani na kisahani cha kashata mapajani. Hakunijua. Nilipoketi akanitazama kitambo, akaitazama kashata iliyo mkononi mwake, akaimega, akanipa nusu iliyo kubwa. Kisha akamwambia dada yangu, "Mpe mgeni maji." Msomaji wangu, mama yangu maisha yake yote hakupata kula kitu mbele ya mtu bila kumgawia. Jina langu lilikuwa limetoka kichwani mwake, lakini ukarimu ulikuwa haujatoka. Na mimi niliyejidai kwamba pale pana kiwiliwili tu, nilikula kashata ile huku nimeinamisha uso.

Haki yake, hata hivyo, tusimnyime Locke. Lipo jambo aliloliona sawasawa, nalo dini yetu ililitangulia. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na aliyepotewa na akili mpaka akili imrudie. Mama alipofika hali ya kusali Adhuhuri mara mbili siku moja, na siku ya pili asisali kabisa, hakuna aliyemhesabia deni. Asiye na fahamu hana taklifu. Lakini tazama tofauti ilivyo kubwa: kalamu ya kumwandikia makosa imeinuliwa, haki zake hazikuinuliwa. Locke alichanganya kuwajibika kwa mtu na kuwapo kwa mtu. Uislamu unamwondolea mja mzigo, haumwondoi katika ubinadamu.

Tena Qur'ani Tukufu imekwisha tutajia kwamba wako watu watakaorudishwa kwenye umri ulio dhaifu, hata wasijue kitu baada ya kujua. Na katika habari za wazazi wanaofikia uzee mikononi mwetu, tumekatazwa hata neno dogo la kuonyesha kuchoka. Amri hiyo haikuwekewa sharti kwamba mzazi awe anatujua.

Na ama lile swali la Locke la Siku ya Hukumu, jibu letu liko wazi. Habari za mtu hazikuwekwa kichwani mwake peke yake. Wapo Malaika wanaoandika, na viungo vyenyewe vitashuhudia. Mama aliposahau kila fungu la mchele alilompelekea jirani mwenye njaa, hakuna lililopotea. Alisahau yeye, Mola wake hakusahau. Na tumebashiriwa kwamba mja akiugua huandikiwa mfano wa mema aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mzima.

Basi nawausia wenye wazee wa namna hii majumbani. Nendeni kwao, hata kama hawajui kwamba mmekwenda. Msiwasimamie mbele mkiwauliza, "Mimi ni nani? Nitaje jina!" Mtihani huo hauwafai wao, ni sisi tunaotaka kufarijiwa. Waambieni majina yenu kwa upole, mketi, mle walichowamegea. Na yule ndugu anayewalea peke yake, msimwachie mzigo mkajificha nyuma ya vitabu kama nilivyojificha mimi. Dada yangu aliyabeba peke yake majuma yale niliyokuwa nikijadiliana na Waingereza, nami nimemwomba msamaha.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo, siku tusizozikumbuka. Amin.